Nilimwambia Hesabu Yake Kabla Hajapiga

Kosa ni langu. Si shetani, si pombe, si marafiki wabaya. Rafiki mbaya alikuwa mimi mwenyewe! Naandika bila jina kwa sababu bado nauza vitu Busia na Malaba, na wateja wangu wanapenda kuniamini.

Nilimharibia mtu maisha kwa maneno machache, niliyoyasema kwa sauti ya chini huku nikitabasamu. Sikuvunja sheria yoyote. Hakuna askari wa kunikamata. Hilo ndilo linaloniuma zaidi!

Miaka hiyo nilikuwa nauza katoni tupu. Usicheke. Ng'ambo ya pili ya mpaka sabuni na chumvi zilikuwa haba, na akina mama waliovusha bidhaa hizo walitoa kila kitu kwenye katoni wakatia kwenye magunia. Katoni zikabaki kwangu. Siku moja akaja askari anatafuta katoni ngumu. Nikamuuliza za nini, maana bei yangu ilitegemea shida ya mnunuzi. Akasema ni za kubandikia karatasi za shabaha.

Huyo ndiye Wandera. Mmarachi, mrefu, mpole, konstebo wa kizuizi cha barabarani kule Malaba. Hakubishana bei. Alinyamaza tu akinitazama, mpaka nikashusha mwenyewe. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa hatari!

Klabu yao ilipiga shabaha Jumamosi mchana kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, nje kidogo ya Busia. Walikuwa polisi, makarani wa forodha, na raia wachache waliokubaliwa na inspekta. Nilipeleka katoni, nikabaki kutazama, nikaomba kujaribu. Bastola nzuri ya mashindano ilikuwa moja, yenye mtutu mrefu na risasi ndogo, na ilirudi kulala kituoni kila jioni. Tulipokezana hiyo hiyo.

Wandera ndiye aliyenifundisha. Kila kitu!

"Katoni," aliniita hivyo mpaka jina likanishika, "unatazama nini?"

"Natazama shabaha, afande. Si ndiyo tunayoipiga?"

"Ndiyo maana unapiga mawe. Tazama kile kichuma cha mbele, kwenye ncha ya mtutu. Hiyo duara nyeusi iache iwe kama ukungu."

Mkono mmoja tu, umenyooka. Ule mwingine mfukoni usilete fujo. Vuta pumzi, toa nusu, shikilia. Triga haivutwi, inabanwa polepole mpaka risasi itoke kama imekushtua. Na mkono ukianza kuyumba, usilazimishe. Teremsha bastola mezani, pumzika, anza upya.

"Kuteremsha ndiyo kazi ngumu," alikuwa akisema. "Mkono unakuambia piga tu, piga tu. Usiusikilize. Una dakika tano kwa risasi tano. Teremsha."

Hapo ndipo alipotushinda wote. Sisi tulikuwa tunaona haya kuteremsha, kama mtu aliyekataliwa na msichana mbele ya watu. Wandera angeteremsha mara tatu kwa risasi moja, uso mkavu, halafu anapiga kumi, katikati kabisa.

Na kitu kingine: hakutaka kujua hesabu yake. Baada ya kila raundi tulienda mbele kutazama matundu. Karani akijumlisha, Wandera aligeuka akatazama ng'ombe wa watu wakila majani juu ya machimbo. Ikawa desturi ya pale. Mtu akiwa bado ana risasi za kupiga, hatajiwi pointi zake. Hata inspekta, mtu mwenye mdomo kama honi ya lori, alinyamaza.

"Ukishajua unahitaji ngapi," Wandera aliniambia, "kidole kinasahau triga. Kinafikiria nyumbani."

Mimi kukatazwa kuhesabu! Niliweka kichwani pointi za kila mtu, nazirudia tena nisije nikapunjwa na karani. Lakini ile ya kidole na nyumbani niliisikia vizuri sana. Niliiweka.

Basi ikatangazwa kwamba ofisa mmoja atakuja kutoka mkoani kutazama shindano letu. Alikuwa anatafuta mwalimu wa shabaha wa kupeleka kwenye chuo cha polisi. Kila mtu alijua ni nafasi ya Wandera.

Nieleze ilikuwa na maana gani kwake. Kizuizi cha Malaba usiku si mahali pa mtu mwenye watoto. Malori ya magendo yalipita bila taa, dereva amelewa woga, hasimami hata ukipunga taa usoni mwake. Mwenzake Wandera alikuwa ameshavunjwa miguu yote miwili pale pale waliposimama pamoja. Mke wake, Mama Nekesa, alikuwa halali mpaka asikie baiskeli mlangoni.

"Shemeji," aliniambia siku moja akinipakulia ugali, "wewe unajua maneno. Mwambie huyo mtu wenu wa mkoani amchukue. Hata kesho."

"Hahitaji maneno yangu, mama. Ana mkono."

Nilisema hivyo mimi! Kwa mdomo huu huu!

Na mimi je, nilikuwa natafuta nini? Kikombe cha bati. Na midomo ya madereva pale hoteli ya chai Malaba. Waliniita askari wa katoni. Taniboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori, kijana wa juzi, alikuwa akiinua mikono juu kila nikipita: "Usinipige, boss, nitanunua!" Watu wanacheka mpaka chai inamwagika. Nilijiapia kwamba siku moja nitaingia pale na kikombe.

Siku ikafika. Ofisa akakaa kwenye kiti chini ya mwavuli, miwani myeusi, hasemi. Raundi sita, risasi tano kila raundi, aliye bora kabisa anapata hamsini kwa raundi. Siku hiyo nilipiga kama nimekopeshwa mkono wa mtu mwingine. Wengine wakabaki nyuma. Tukabaki mimi na Wandera.

Kwa kuwa bastola ilikuwa moja, mimi nilitangulia raundi ya mwisho. Nikapata arobaini na sita. Jumla mia mbili sabini na saba. Wandera alikuwa na mia mbili thelathini na nane kabla ya raundi hiyo. Mtu ambaye hashuki chini ya arobaini na tano, alihitaji arobaini kunishinda.

Nilijua nimeshindwa. Mtu muungwana angerudi nyuma, akapiga makofi.

Sasa sikiliza siri ya biashara yangu. Ukitaka mnunuzi aingiwe na hofu, usimnyime kitu. Mpe akishike! Mama akishalikumbatia blanketi, akaliona liko kitandani kwake, hapo moyo unaanza kudunda asilikose. Atafanya haraka. Atafanya makosa.

Bastola ilikuwa mezani, tupu, wazi, kama sheria inavyotaka. Wandera akasogea. Nikainama kama rafiki.

"Ndugu yangu, hongera. Umeshamaliza. Unahitaji arobaini tu."

Akanitazama. Sijawahi kuona macho yale.

"Katoni, usiniambie."

"Arobaini tu! Hata kwa mkono wa kushoto. Na yule ofisa ameniuliza una watoto wangapi. Nadhani ni mambo ya nyumba ya kule chuoni."

Ofisa hakuwa ameniuliza kitu. Huyo hata salamu hakunipa!

Nikarudi nyuma. Inspekta akapaza sauti, saa ikaanza.

Risasi ya kwanza, tisa. Nikasema haya, hakuna lililoharibika. Risasi ya pili aliinua mkono, akashikilia, akashikilia. Nilikuwa nasubiri ateremshe. Teremsha basi! Nakuapia, sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inampigia kelele ateremshe. Hakuteremsha. Akapiga, nane.

Ya tatu niliona ncha ya mtutu inacheza. Mtu huyu, ambaye angeweza kusimama na glasi ya maji imejaa kwenye kiganja! Alikuwa anaitazama duara nyeusi. Niliona kidevu kimeinuka kutafuta shabaha, kosa la siku ya kwanza, kosa nililokuwa nalifanya mimi. Saba.

Ya nne, nane. Kabla ya ya tano akageuka kidogo kumtazama ofisa chini ya mwavuli. Halafu akavuta triga kama anayeng'oa jino.

Sita.

Thelathini na nane! Nilikuwa nimeshinda kwa pointi moja.

Inspekta alihesabu matundu tena, kisha akamwendea ofisa, wakazungumza. Nilisikia jibu la ofisa, na watu wote walisikia:

"Siwezi kupeleka mwalimu aliyeshindwa na muuza katoni."

Nilikuwa nimejidanganya kwamba watamchukua tu. Kwamba ofisa anatazama mtu, hatazami kikombe. Nilihesabu pointi zote za siku ile nikasahau kuhesabu hilo!

Wandera akanijia, akanipa mkono. Hakunilaumu. Labda alidhani nilikuwa nafurahi kwa niaba yake na furaha ikanizidi. "Umepiga vizuri," akasema. Kisha akautazama mkono wake wa kulia kama mali ya mtu asiyemjua.

Pale hoteli ya chai niliingia na kikombe. Yule taniboi akasimama akanipigia saluti, safari hii bila mzaha. Niliacha chai mezani, nikatoka.

Mwaka uliofuata ofisa akaja tena, nafasi bado haijajazwa, na inspekta mwenyewe akamsihi Wandera ajiandikishe. Nilikuwepo.

"Nitawafundisha nini wenzangu, afande? Kutetemeka?"

Hakugusa bastola tena. Wakachukua mtu mwingine. Wandera alirudi kizuizini kwake, usiku baada ya usiku, na Mama Nekesa akaendelea kusikiliza baiskeli. Mwishowe Wandera akaacha kazi kabla lori halijamkuta, wakarudi kwao Marachi, karibu na Khunyangu, kulima mihogo.

Na mimi? Kila nikiinua mkono kulenga, nasikia sauti yangu mwenyewe inaninong'oneza masikioni. Risasi zikaenda kwenye mawe. Nikaacha.

Mwezi uliopita nilikwenda Marachi. Nilimkuta anamenya mihogo na mke wake uani. "Mulembe, Katoni!" wakanisalimu kwa furaha, wakaleta kigoda. Nikakaa nikala chakula chao kwanza, mwoga mimi, ndipo nikasema. Nikasema yote, mpaka ile ya nyumba na watoto.

Mama Nekesa akaweka kisu chini.

"Ulisema kwa kusudi?" Wandera akauliza.

"Kwa kusudi."

Akasimama. Nikadhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Lakini aliunyoosha mkono wa kulia mbele yake, mmoja, ule mwingine mfukoni, akakitazama kidole chake. Alikaa hivyo muda mrefu. Mkono haukucheza hata kidogo!

"Mama Nekesa, tazama," akasema. "Miaka yote hii nimeuonea bure mkono huu."

Akaanza kulia, mkono bado umenyooka. Mke wake akanigeukia.

"Shemeji, umekula kwetu mara ngapi ukiwa na hayo tumboni?"

Nikachukua baiskeli yangu, hakuna aliyenisindikiza.

Wewe unayesoma, huenda hujawahi kushika bastola na hutashika. Lakini kuna mtu wako anaingia kwenye mtihani, kwenye usaili, anapeleka mahari, anasimama mbele ya jambo lake na amejituliza mwenyewe. Mwache! Usimwonjeshe ushindi ili umtetemeshe. Utaona ni mzaha, na hakuna atakayekushtaki.

Na kama ulishafanya, nenda kamwambie leo, wakati bado anaitwa kujaribu tena. Usingoje kama mimi, ukampelekea mtu mkono wake mzima baada ya kazi yake kupewa mwingine.