Nyama ya Ngano na Mbuzi wa Ukweni

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma kwa vipande, maana ng'ombe wa baba walinihitaji kuliko mwalimu. Lakini nitafutie mtu mwingine, kuanzia Musoma uje Bunda upande mpaka Butiama, aliyewahi kutengeneza nyama kwa mikono yake, nyama ambayo haijawahi kuwa na mguu wala mkia. Humpati. Niliitengeneza mimi, tena ndani ya gari. Nilikuwaga nalala humo, napika humo, na kuoga naogea nyuma yake.

Gari lenyewe lilikuwa la mikate. Bodi la bati, milango miwili nyuma, rafu kila upande. Nilianza nalo nikiwa utingo wa kupakia kreti, nikapanda nikawa dereva. Ikaja ile miaka ya kukosa. Sukari hakuna, sabuni hakuna, sigara moja watu watatu, na unga wa ngano ukawa kitu cha kusimuliana. Bekari ikafungwa, mwenyewe akahama mji, gari likabaki pale Iringo, Musoma mjini, limekaa juu ya mawe. Mafundi wenye vyeti walilifungua, wakalifunga, wakasema injini imekufa. Nikalinunua hivyo hivyo. Nililiamsha mwenyewe kwa vyuma vya matrekta mabovu ya pamba niliyoyakuta Bunda, na lilipokohoa moshi wa kwanza, wale waliokuwa wananicheka wakaja kuomba lifti.

Wakati huo nilikuwa na mke, tumepanga chumba. Nikamwambia tuachane na chumba, sasa tuna nyumba yenye magurudumu. Nilitoa rafu za upande mmoja nikaweka kitanda. Alijaribu, sitamsingizia. Alikaa masika nzima. Ila bati lile mvua ikinyesha hamsikilizani, na jua likiwaka unaiva. Siku moja nimetoka kuhangaikia petroli, narudi nakuta vitenge vyake havipo kwenye kamba. Kaenda kwao Butiama. Hakuchukua hata sufuria.

Nilitaka arudi. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani nilikuwa nahangaika na unga kwa sababu ya biashara tu.

Hiyo nyama nilifundishwa na mama mmoja wa Bukima, mpishi wa hospitali niliyokuwa napeleka mikate zamani. Wenye hospitali walikuwa watu wa kusali Jumamosi, wengi wao nyama hawagusi. Alinionyesha mara moja tu. Unakanda unga wa ngano kwa maji na chumvi, ukaze kuliko wa chapati, halafu unalizamisha donge kwenye maji likae. Baadaye unaliosha. Unalikamua ndani ya beseni, maji yanakuwa meupe kama maziwa, unamwaga, unatia mengine, unakamua tena, mpaka maji yanakaribia kuwa safi. Kinachobaki mkononi ni kitu kinavutika kama ulimbo wa kunasia ndege. Hicho ndicho nyama. Unakichemsha kwenye mchuzi wa vitunguu, tangawizi na nyanya, unakikata, unakikaanga. Ukikichana kinatoka nyuzi nyuzi.

Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa na maduka yakajaa, unga wa ngano ukaonekana tena kwenye mifuko, nami nikakumbuka. Ya mpishi ilikuwa ngumu kidogo, kusema kweli, ilikuwa kama raba. Mimi nikaongeza kunde zilizolowekwa, zikamenywa na kutwangwa, kidogo tu, ikalainika. Nikaongeza karanga za kusaga ili iwe na mafuta. Hayo hakunifundisha mtu. Maji meupe nilimpa dobi wa Iringo akapigia wanga sare za watoto wa shule, kola zikasimama zenyewe.

Shida ilikuwa moja, kuosha. Ile kazi ni ya watu wawili, mmoja anakamua, mwingine anamimina maji. Ukiwa peke yako mikono yote imenasa kwenye ulimbo, huwezi kushika ndoo. Miezi ya kwanza nilikuwa nainama kushika mpini wa ndoo kwa meno. Nilikuwa nikikamua huku naongea, naeleza kila hatua kwa sauti, kama kuna mtu kasimama pale mlangoni. Watu wa gereji nilikokuwa naegesha walidhani nina wageni.

Halafu ikaja karantini ya mifugo. Ugonjwa uliingia kwenye ng'ombe, ikapigwa marufuku kuhamisha mnyama, kuuza mnyama, kuchinja mnyama. Mabucha yakafungwa Musoma, yakafungwa Bunda. Samaki walikuwepo, lakini mtu wa Bunda anayekula furu asubuhi na sato jioni, wiki ya pili anaanza kuota mbavu. Nikapeleka gari stendi ya Bunda, nikafungua milango ya nyuma, nikachoma mishikaki.

"Hii nyama ya nini?" aliniuliza mzee mmoja fundi cherehani, amevaa kofia yake ya kufuma, akanusa kwa mbali.

"Ya ngano."

"Ngano ina mbavu?"

"Onja kwanza mzee wangu, mbavu utaniuliza baadaye."

Akaonja. Akatafuna kwa muda. "Umechinja wewe au kachinja nani?"

"Hakuna aliyechinja."

"Basi ongeza mbili. Leo sina cha kumuuliza shehe."

Waliiita nyama isiyolia. Nikajulikana. Na katika kujulikana huko nikapata wazo ambalo mpaka leo nasema lilikuwa wazo kubwa. Nitaipeleka ukweni.

Kule kwao mwanamke aliyerudi nyumbani harudishwi kwa maneno. Mume anakuja na mbuzi dume anayetembea kwa miguu yake. Mbuzi anachinjwa uani, wazee wanatandaza utumbo na kuuangalia, wanasema kama safari ya huyo mwanamke ni nzuri au kuna jambo. Kidari anapewa mama mkwe. Ndipo mwanamke anafunga mzigo. Sasa, kwa karantini ile, mbuzi ningempitisha barabara gani? Nikasema hawa watu hawajaonja nyama muda mrefu. Nikiwashushia sufuria nzima, nani atakumbuka mbuzi?

Niliosha siku mbili. Nikaendesha taratibu mchuzi usimwagike. Shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mke wangu, ndiye aliyenipokea njiani kwao.

"Shemeji, umekuja na nyumba yako kabisa? Wewe ni konokono."

"Konokono hana injini," nikamjibu. "Nibebee sufuria, acha mdomo."

Walikula. Sitaki mtu abishe juu ya hili, walikula mpaka mama mkwe akafuta sufuria kwa ugali. Baba mkwe alikuwa mtu wa maneno machache, na alisema hajala kitu laini namna ile tangu meno yalipoanza kumtoka. Mke wangu alikaa na wanawake upande wa jikoni. Nilimwona anatafuna, anatazama chini, na nilijua anajua kazi iliyoingia humo.

Baba mkwe akanawa, akajifuta, akaniuliza, "Mkwe, hii ulichinjia wapi na serikali imekataza?"

Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri. Nikasimama kabisa. Nikaeleza yote, donge, maji meupe, ulimbo, kunde, karanga. Nikasema hakuna mtu mwingine mkoa huu. Walisikiliza, na mimi nikaona wanastaajabu.

"Kwa hiyo haina utumbo," akasema mzee.

"Haina, baba. Haina hata mfupa."

"Basi tutaangalia wapi?"

Shemeji akaanza kucheka, mama yake akamkata jicho. Mzee akaongea taratibu, hakuwa na ubaya wowote. "Umetulisha vizuri, nami nashukuru. Hiki ni chakula. Ila mbuzi bado hajaja. Sikukatalii, na sikupi. Karantini ikiisha, mlete."

"Naomba niongee naye," nikasema.

"Ongeeni. Ni mke wako, sikukukataza kuongea."

Mke wangu alinisindikiza mpaka kwenye gari. Akafungua milango ya nyuma mwenyewe, akachungulia. Nikaona nafasi yangu hiyo, nikaanza kumwonyesha nilivyoboresha. Debe nimelitundika juu, nimelitoboa, nimeweka mpira wa maji na kipande cha mti nakibana kwa goti, maji yanashuka mikono ikiwa kwenye beseni. Kigoda nimekikata kimo changu. Kijiko kiko kwenye msumari wa kulia, kisu msumari wa kushoto, hata gizani nafika. Pale palipokuwa na nusu yake ya kitanda nilikuwa nimeweka magunia ya unga, yasishike unyevu wa sakafu.

"Kwa hiyo sasa unaosha peke yako," akasema.

"Peke yangu kabisa. Sihitaji mtu."

Nilikuwa najisifia kazi. Mwanamume akibuni kitu lazima aseme. Yeye akagusa lile debe, akabana kile kijiti, maji yakatoka kidogo, akaachia.

"Umefanya vizuri," akasema. Akafunga mlango mmoja, mimi nikafunga wa pili. "Mbuzi akipatikana utakuja?"

"Nitakuja."

Nilirudi Bunda na sufuria tupu. Nililoweka donge jioni hiyo hiyo, kwa sababu wateja hawangoji, nikakamua, nikaeleza hatua zote kwa sauti kama kawaida yangu. Nilipofika katikati nikanyamaza. Sikuona wa kumweleza.

Karantini iliisha. Nikaenda Bugwema nikachagua beberu mwenye kifua, mweusi, doa jeupe pajani. Nikamfunga kwenye bampa la nyuma, niondoke naye kesho yake. Kesho yake klachi ikasumbua. Nikatengeneza. Ikaanza mvua, barabara ya Butiama unaijua. Ikapita. Ukaja msimu wa pamba, watu wana hela, siwezi kufunga biashara. Mbuzi akazoea kula maganda ya kunde, akazoea kunywa yale maji meupe, akanenepa, na nikiosha alikuwa anasimama mlangoni ananitazama.

Si kwamba naogopa. Lori nimeendesha, polisi nimegombana nao, nitamwogopa mwanamke? Ila nafikiri. Nikimfikisha yule mbuzi watamchinja, watatandaza utumbo, utasema neno lake. Halafu na mke wangu naye atasema lake. Wakati mbuzi yuko kwenye bampa, hakuna aliyeniambia hapana.

Magunia niliyahamisha, hilo niliseme. Niliyaweka juu ya rafu, nusu ya kitanda ikabaki wazi. Mpaka sasa nalalia upande wangu tu.

Mwaka huu shemeji amenikuta stendi ya Bunda. Ameshakuwa mtu mzima, ana ndevu. Akamzunguka mbuzi, akamfungua mdomo.

"Shemeji, huyu ndiye wetu?"

"Ndiye."

"Mbona meno hana? Mtamchinja au mtamzika?"

"Nitamleta. Nasubiri barabara ikauke."

"Imekauka, mimi nimepita leo." Akamwachia mbuzi mdomo. "Dada huwa anauliza."

"Anauliza nini?"

"Anauliza kama bado unaosha peke yako."

Mshikaki ulikuwa unaungua, nikaugeuza. Kulikuwa na wateja wamesimama, wananiangalia, wanangoja kusikia nitasemaje.

"Mwambie biashara inakwenda vizuri sana," nikasema.

Akaniangalia, akamkuna mbuzi shingoni, akaenda kupanda gari la Butiama.