Mpira wa Waipa

Mume wangu alipofariki, miaka ya sabini, aliniachia watoto wawili, cherehani, na gari kuukuu lililotetemeka kila liliposimama. Ukikanyaga mafuta lilikimbia vizuri, hata usingejua lina shida. Ukiondoa mguu, injini ilianza kurukaruka kwa kukosa pumzi mpaka vioo vikagonga milangoni. Mara nyingine ilizima kabisa.

Nyumba yetu ilikuwa ndani ya boma la wakwe zangu, mwendo mfupi kutoka Malaba ukishika njia ya Busia. Kwa desturi ya boma lile, mjane hakuvuka lango mpaka wazee wakae kikao cha kugawa vilivyobaki. Nilikaa wiki sita. Kanisani waliniombea, shuleni mwalimu mwingine alishika darasa langu, na mimi nikawa naliangalia lango kutwa nzima kama kuku aliyefungwa mguu.

Katika vilivyobaki nilikuwamo na mimi. Sikuambiwa wazi, lakini sikuwa mtoto. Ndugu wa marehemu atakayechukua gari ndiye angenichukua na mimi, maana wazee waliona mwanamke na gari la mumewe vitunzwe mahali pamoja. Na gari lilitakiwa. Wakati huo kahawa ya magendo ilivuka kwa wingi kutoka ng'ambo ya mpaka, na mtu mwenye magurudumu manne hapo mpakani hakulala njaa. Shemeji yangu mkubwa, fundi wa magari pale Malaba, mwenye mke na nyumba yake upande wa pili wa uwanja, akaanza kuniletea samaki wa Osieko, kule ziwani. Ngege wakubwa, wamefungwa kwa majani. Ndugu yake alipokuwa hai hakuwahi kuniletea hata omena.

Kila jioni akitoka kazini alifungua boneti. Alisafisha plagi. Akasugua pointi. Akashusha kabureta, akaiosha, akairudisha. Akasema ni petroli ya ng'ambo, imetiwa maji, kwa sababu pale kwetu kila ugonjwa wa gari ulikuwa petroli ya ng'ambo. Akamwaga tangi zima, injini ikatetemeka vilevile. Mimi nilikaa mlangoni nikichambua mboga, na kila aliposhindwa nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Lakini nilijua kitu asichokijua, kwa sababu hakuwahi kupanda gari lile mvua ikinyesha. Waipa zake hazikutumia umeme. Zilivutwa na pumzi ya injini yenyewe, kwa mpira mwembamba. Mume wangu alinieleza hayo aliponifundisha kuendesha. Na siku gari lilipoanza kutetemeka tulikuwa tunatoka Busia kwenye mvua, waipa zikafa papo hapo. Mume wangu alilaumu plagi. Mimi ndiye niliyetoa mkono dirishani, nikapangusa kioo kwa leso hadi nyumbani.

Mchana mmoja watu wote wakiwa shambani, nilifungua boneti nikawasha gari. Nikainama nikasikiliza. Ndani ya zile kelele palikuwa na mluzi mdogo, kama birika linalokaribia kuchemka. Nikalowesha kidole gumba kwa mate, nikapapasa kule chini nyuma ya kabureta, mahali mpira wa waipa unapoingia kwenye bomba la injini. Ulikuwa umepasuka mdomoni. Nilipoziba mpasuko kwa kidole, injini ilitulia. Nikakata kipande kilichooza kwa kisu cha mboga, nikauchomeka upya, nikajaribu waipa. Zikacheza kwenye kioo kikavu, kushoto kulia, na mimi nikacheka peke yangu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kisha nikakumbuka nilipo. Gari likipona lilikuwa na mwenyewe tayari, na huyo mwenyewe ndiye aliyekuwa akileta samaki. Nikauchomoa mpira, nikauegemeza palepale uonekane kama umeingia, nikafunga boneti.

Siku ya kikao shemeji aliliwasha mbele ya wazee. Lilitetemeka, likakohoa, likazima.

"Baba, hii gari imekwisha," akamwambia baba mkwe. "Inamisi, inaruka moto. Nimejaribu kila kitu. Ukibeba kahawa na hii, polisi watakukuta umekwama nayo kwa barabara."

"Na huyu mama?" baba mkwe akauliza.

Shemeji alitazama viatu vyake. "Mimi niko na bibi tayari. Huyu ni mwalimu, ako na mshahara. Atajisimamia."

Samaki waliisha siku hiyohiyo. Nilifurahi, na niliumia pia, siwezi kudanganya. Si jambo dogo mtu kujua amepimwa pamoja na kitu gani. Wazee waliamua gari libaki kwangu, na nyumba ibaki kwangu. Watoto walikuwa wa boma, na hilo halikuhitaji kikao.

Nikawa sasa muuguzi wa ugonjwa niliourudisha mwenyewe. Mwaka mzima niliendesha kwenda shuleni na kurudi, mpira ukiwa nje, maana kazi ya kahawa haikuwa imeisha na shemeji alikuwa na masikio ya fundi. Kila asubuhi alisimama mlangoni kwake, mswaki mdomoni, akisikiliza.

"Bado inamisi, shemeji?"

"Bado."

Masika ilipofika niliendesha kichwa nje ya dirisha, nikifika darasani nimelowa. Wanafunzi walidhani ni umaskini.

Nilikuwa nimeomba uhamisho kwenda Budalang'i, kwa mama yangu. Barua ilipokuja ilisema niripoti Jumatatu, la sivyo nafasi apewe mwingine. Basi lingenibeba mimi, lakini wanangu wasingepita langoni na mizigo bila wazee kuitwa. Njia ilikuwa moja tu. Jumapili boma zima lilikwenda ibadani, na ibada yetu haikuwa fupi. Nikasema kichwa kinaniuma na watoto wanakohoa. Waliponiacha nikapakia magodoro na cherehani, nikawavisha watoto viatu, nikafungua boneti nikauchomeka mpira ukaingia barabara. Nikawasha, nikangoja ule utulivu nilioujua.

Injini ilitetemeka.

Nilikagua mpira mara tatu. Nikapapasa kwa kidole kilicholowa, hakuna mluzi. Nikaondoka hivyohivyo, gari zito, halina nguvu, na pale langoni kwenye kile kimwinuko kidogo likazima, pua nje, mkia ndani. Betri ikachoka. Nikatoa handeli ya kuwashia injini nikazungusha mpaka viganja vikachubuka. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyochukia gari lile asubuhi ile.

Shemeji alitangulia wenzake kutoka kanisani. Alitazama mizigo, akatazama watoto. Akavua koti, akafungua plagi zote nne, akaniambia nizungushe handeli taratibu huku yeye akiziba matundu kwa kidole gumba, moja baada ya jingine. La kwanza lilimsukuma kidole. La pili likamsukuma. La tatu halikusukuma.

"Valvu imeungua," alisema. "Hii piston imekuwa ikivuta hewa siku mingi."

Kisha akainama kule nyuma ya kabureta, akaugusa mpira. Aliona ulivyokatwa kwa kisu.

"Nani alikuwa anaendesha hii gari na mpira nje?"

"Marehemu," nikasema.

Alijifuta mikono polepole. Barabarani zilianza kusikika sauti za wenzake wakirudi wakiimba.

"Nitawaambia ulikuwa unajaribu breki," alisema. "Ingia. Toa gia, ushike usukani."

Niliingia, nikatoa gia. Nilimtazama kwenye kioo kidogo, nikimngoja aende nyuma ya gari asukume. Hakuonekana kwenye kioo. Alikuwa mbele yangu, amefunga boneti na kuweka mikono yake miwili juu yake, na gari likaanza kurudi ndani taratibu.