Herufi Zilizopanda Mlima

Juzi nilikwenda kutengenezesha bango la kibanda changu cha chai hapa Gitega. Kijana wa kuchapa akafungua kompyuta, akaniambia nichague mwandiko. Kumbe, ndugu yangu, maandishi nayo yana sura zake. Mengine yamesimama wima kama askari wa gwaride, mengine yamevaa vijiatu, mengine membamba yameinama kama mtu anayekimbia mvua. Nilichotafuta hakikuwamo: herufi za mlangoni kwa bibi yangu, Muyinga. Labda sikujua kutafuta. Shule sikufika mbali.

Zile ziliandikwa kwa brashi na jirani yetu, fundi wa mabango. Kabla ya kufungua rangi alikaa kwanza mahali penyewe. Kwa mshonaji alisikiliza cherehani, halafu herufi zikatoka nyembamba, zenye mikia kama uzi uliosahaulika kukatwa. Kwa muuza dawa hakuzitia kivuli. Mgonjwa, alisema, haongezewi giza. Kwetu alikunywa chai ya tangawizi, akala mandazi, akaomba tena. Ndipo akaandika CHAI, nyekundu, nene, C imeachama kama mtoto anayengoja tonge, A imetanua miguu kama bibi akisonga ugali. Harufu ya rangi ikachanganyika na ya mafuta ya mandazi.

Ila neno lilipanda. Jirani alipima kwa kijiti, kutoka ardhini, mwanzo na mwisho wa ukuta, na mtaa wetu wenyewe ni mlima. Ile I ya mwisho ilikaribia kugusa bati. Wateja wakacheka, wakasema chai ya hapa imechemka mpaka inamwagikia juu. Jirani akachukua rangi nyeupe afute. Bibi akamshika mkono.

"Wacha, fundi. Wateja wangu nao wanapanda."

Basi nikamwacha kijana na kompyuta yake, nikasafiri hadi Muyinga nikalipige picha neno lile. Nikakuta ukuta wa bluu, na maandishi meupe yaliyonyooka. Mwenye duka alinikaribisha vizuri. Hana kosa, ukuta ni wake, na bibi na jirani wote wameshatangulia. Nilipapasa ile bluu, nikidhani tumbo la herufi moja litasikika kwa vidole. Halikusikika.

Niliporudi nikamwomba kijana alaze mstari kidogo, upande.

"Mama, itakuwa kama bango imeanguka," akasema. "Watu watasema mi sijui kazi."

Alikuwa na haki yake. Tukachukua herufi nene, zimenyooka. Zinasomeka toka mbali, mvua haizifanyi kitu, nisizionee.

Lakini asubuhi, maziwa yakishaanza kupanda sufuriani, hutoka nje nikalitazama bango langu. Kichwa hujilaza chenyewe kwenye bega la kulia, taratibu, mpaka neno lipande.