Mama Irabu Apata Heshima ya Miaka Yake

Saa moja asubuhi, darasa la kwanza limejaa hadi mlangoni. Mwalimu, mama wa makamo mwenye viganja vyeupe kwa chaki, anachora herufi "m" ubaoni na kuuliza ni nani aliyewahi kuona mlima wenye vilele viwili. Watoto wanacheka. Mikono inapanda.

"Mtoto akicheka, herufi imeshaingia," anasema. Hapa shuleni wanamwita Mama Irabu.

Kazi hii aliianzia katika shule binafsi ndogo nyuma ya soko, akadumu nayo miaka kumi na mitano. Mwenye jengo alipolitaka jengo lake, shule ikafungwa. Akaomba kazi serikalini, akapata, ila kwa sharti lililomchoma: aanze upya kama aliyetoka chuoni jana, kwa mshahara wa anayeanza, tena chini ya uangalizi.

Aliyepangiwa kumwangalia alikuwa binti ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusoma.

"Nilimeza mate machungu," anakumbuka. "Lakini binti yule ana adabu zake. Kila siku shikamoo mwalimu kwanza, ndipo anakaa nyuma kunikagua."

Mumewe, fundi cherehani, anasimulia kwamba siku moja mkewe alirudi akicheka hadi machozi, kwa kuwa mwanafunzi wake alikuwa amempa maksi. Baadaye akagundua kuwa machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Mwaka jana utaratibu ukabadilika. Uzoefu wa shule binafsi ungehesabiwa katika cheo na mshahara, mradi mkuu wa shule husika athibitishe. Shule haikuwapo tena, na mkuu wake mstaafu alikuwa amepigwa na kiharusi. Mama Irabu aliona haya kumsumbua mgonjwa, akaamua kunyamaza.

Binti hakunyamaza. Alikwenda kwa mzee huyo bila kumwambia mtu, na siku Mama Irabu alipoitwa ofisi ya elimu kuhojiwa kama wenzake waliotoka shule binafsi, wawili hao wakaingia pamoja, mzee akiburuta mguu, mkono begani kwa binti. Ofisa alimuuliza kama kweli anamkumbuka mwalimu huyu. Mzee alijibu polepole, neno moja moja.

"Wanangu wote wanne niliwaweka darasani kwake. Mnataka ushahidi gani tena?"

Ofisa akainuka, akampisha kiti chake.

Leo Mama Irabu ni mwalimu mwandamizi. Nyongeza ya mshahara imemrudisha chuoni kitindamimba wake, aliyekuwa amekwama nyumbani kwa kukosa ada. Kila Jumamosi yeye na mumewe humpelekea mzee matunda na kumsomea gazeti.

"Sina cha kuwalipa," anasema. "Mmoja alijikongoja kwa ajili yangu, mwingine nilimfundisha a, e, i, o, u, akaja kunisemea."

Muhula ujao atapokea walimu wengine wanaotoka shule binafsi. Anajua wapo waliojifungia majumbani wakiogopa kuanzia sifuri.

"Waje," anasema. "Asiulizwe mtu ameingia lini serikalini. Aulizwe anafundisha nini, apewe chaki."