Sahani Moja na Bibi

Juzi niliporudi Ifakara pamoja na binti yangu, kitu cha kwanza nilichokitafuta kilikuwa kinu. Nyumba ya bibi pale Kibaoni bado ipo. Imepakwa rangi, ina bati jipya na wapangaji wakarimu waliotuletea soda na maandazi. Lakini nyuma ya jiko, mahali ambapo kinu kilikaa mpaka ardhi ikabonyea, pamemwagwa saruji na juu yake imefungwa kamba ya kuanikia nguo. Binti yangu, ambaye yuko kidato cha pili, alikataa soda, akakataa na maandazi, akasema ameshiba. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu tupande basi Morogoro asubuhi. Niliijua shibe hiyo. Nilikuwa nayo mimi mwenyewe, katika ua ule ule, nilipokuwa na umri wake.

Katikati ya miaka ya tisini tulikuwa wawili tu katika nyumba ile, mimi na bibi. Mama alikuwa amefariki nikiwa bado mdogo. Bibi alilima mpunga kama majirani zake wote, na mapenzi yake yalipitia kwenye sufuria. Wali ulipokaribia kuiva aliweka makaa juu ya mfuniko, na harufu yake ilinipokea njiani kabla sijaiona nyumba. Ukoko ulikuwa wangu. Aliukwangua kwa kijiko cha chuma, krr, krr, sauti ambayo mpaka leo nikiisikia mate yananijaa. Kisha aliudondoshea mafuta na kuunyunyizia sukari, akaufunika kwa bakuli unisubiri. Asubuhi kulikuwa na vitumbua. Jioni chai ilikuwa tamu kiasi cha kugandisha midomo.

Nilinenepa, na watu walimsifu bibi. "Mjukuu wako anapendeza, jamani," akina mama walimwambia wakitoka misa, naye aliinua kidevu kidogo. Unapaswa kuikumbuka miaka ile ili uelewe kidevu kile. Siku hizo mtu akikonda, mtaa ulipunguza sauti. Hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina. Waliokonda walitengewa sahani yao, kikombe chao, wakati mwingine hata kigoda chao. Mama yangu alikuwa amekonda. Kwa hiyo mashavu yangu yalikuwa jibu la bibi kwa mtaa mzima.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Nilipoingia kidato cha kwanza, wenzangu walikuwa na wimbo wao kila nikipita: "Gunia hilo! Dada, umepotea, mashine ya kukoboa iko upande ule!" Nilicheka pamoja nao, kwa sababu aliyekasirika aliongezewa. Nilichotaka kuliko vyote ni kucheza netiboli. Timu ilikuwa ikienda Mlimba kwa treni kucheza na wasichana wa huko, na mimi sikuwahi kupanda treni. Mwalimu wa michezo alinitazama nikihema baada ya mbio fupi, akaniambia kwa upole, "Wewe utatusaidia maji." Walipoondoka nilikuwa nimewajazia maji, na mimi nikabaki stesheni.

Siku ile niliamua kuacha kula.

Bibi alikuwa na bata. Mchana nilibeba sahani yangu nyuma ya nyumba, nikisema kuna upepo mzuri, na bata wakala wali wangu, samaki wangu, hata ukoko wenye sukari. Nilirudisha sahani tupu na kusema asante. Nilidhani nimepata njia isiyo na kosa. Sikuwafikiria bata. Kwanza waliacha kula pumba. "Hawa wana nini?" bibi aliuliza, akiitazama pumba iliyolala tangu asubuhi. Kisha wakaanza kunifuata. Nikitoka shule walikuja mbio wote mpaka barabarani, shingo mbele, wakipiga kelele, wakampita bibi aliyeshika bakuli lao kana kwamba hawamjui. Bibi alinitazama mimi, akawatazama bata, akatazama tena sketi yangu ambayo nilikuwa nimeifunga kwa pini.

Juma lile nilianguka bombani. Nakumbuka ndoo ikinitoka mkononi, na kitu kilichofuata ni kivuli cha baraza la nyumba na uso wa bibi juu yangu. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wangu, akikizungusha kwa kidole gumba na cha kati, kama anayepima.

"Una nini?" aliniuliza. "Niambie wewe, kabla watu hawajaniambia."

Nikalia. "Sitaki kuwa gunia, bibi."

Alikaa chini kwenye vumbi na kitenge chake cha kwenda kanisani, kama mtu aliyetua mzigo. Ilinichukua miaka kuelewa ni mzigo gani. "Ni hilo tu?" alisema.

"Si tu, bibi."

Alinifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Haya," akasema. "Si tu."

Jioni ile tulikwenda Mlabani kwa mama mmoja muuguzi, aliyekuwa akisali jumuiya moja na bibi. Alinitazama macho na ulimi, akaniuliza nimekula nini. "Bata ndio wamekula," bibi akasema. Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka ghafla. "Sikiliza, mwanangu. Kukonda si kazi, hata kuhara kunakondesha. Wewe unataka kupungua au unataka kuugua?" Nilisema kupungua. Basi alinieleza, tena akimtazama bibi zaidi kuliko mimi. Nile asubuhi, mchana na jioni. Mboga za majani zijae, wali upungue kidogo, samaki achemshwe badala ya kukaangwa. Sukari na mafuta vipunguzwe polepole. Nitembee, nicheze, nilale vya kutosha, na nisijilinganishe na mtu mwingine, kwa sababu bado nakua. "Na usimpikie chakula chake peke yake," alimwambia bibi tulipokuwa tunaaga. "Mtoto akitengewa chungu atajiona mgonjwa."

Bibi hakunitengea chungu. Alifanya zaidi ya hapo. Kuanzia kesho yake tulikula sahani moja, ile ya bati yenye maua mekundu iliyobonyea upande. Aliijaza matembele, akaweka samaki wa nyanya na ndimu, na wali kiasi cha watu wawili wanaoheshimiana. Alikula upande wake, nami wangu. Nikipunguza mwendo, naye alipunguza. Nikiacha, aliacha, na nilijua ana njaa, kwa hiyo niliendelea. Sukari ilipotoka kwenye chai yangu ilitoka na kwenye chai yake, na alikunja uso kila asubuhi bila kulalamika. Ukoko ulihamia Jumapili.

Kisha alikirudisha kinu. Watu wote tayari walikuwa wanapeleka mpunga mashineni, na kinu kilikuwa makao ya kuku. Alikiosha, akaazima mchi wa pili, tukawa tunatwanga kwa kupokezana, mmoja akishusha mwingine akipandisha. Jirani alichungulia juu ya ua. "Bibi, mashine imekufa?"

"Mashine nzima," bibi alijibu bila kusimama. "Mimi ndiye nimeharibika, natengenezwa."

Mpunga ulipoanza kuchanua tulikwenda kulinda ndege. Zamani mjomba wangu, aliyekaa mtaa wa pili, alinipakia kwenye baiskeli mpaka shambani. Sasa tulitembea, bibi mbele na debe, mimi nyuma na kombeo, asubuhi yenye umande uliolowesha sketi mpaka magotini. Ndege walikuja kama moshi. Nilikimbia kutoka kona moja ya shamba hadi nyingine nikipiga kelele, na bibi aligonga debe upande wa pili akinielekeza: "Huko! Huko mtoni! Wamekaa!" Sikujua kwamba nafanya mazoezi. Niliona tu kwamba siku moja nilifika kona ya mbali, nikageuka, na pumzi zilikuwa bado zangu.

Nilipungua taratibu. Hapo ndipo jaribu kubwa lilipokuja, na halikuja kwangu. Baada ya misa mama mmoja alimvuta bibi pembeni, ingawa hakupunguza sauti vya kutosha. "Bibi, huyu mtoto mzima kweli? Naona shingo imetoka. Kama mama yake vile."

Nilimwona bibi akishika msalaba wa rozari yake. "Mzima," alisema. "Njoo jioni utukute tunakula. Sahani yetu ni moja. Na ya mama yake ilikuwa hiyo hiyo."

Tulitembea mpaka nyumbani. Alipofungua mlango ufunguo uligonga kitasa mara mbili kabla ya kuingia. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima, "Tuendelee?"

Nilisema tuendelee.

"Basi usinifiche njaa. Mengine yote nitayaweza. Ukiwa na njaa, sema."

Sikuwahi kuwa mwembamba. Nilibaki na mifupa mipana ya ukoo wetu, na wimbo wa gunia haukuisha siku moja. Ulichakaa tu, kama wimbo wowote. Lakini mwaka uliofuata mwalimu wa michezo alinipa nafasi ya ulinzi, na nilikwenda Mlimba. Kwenye treni nilifungua kifurushi cha bibi: viazi vitamu vya kuchemsha, samaki, ndizi mbili, na chini kabisa, ndani ya karatasi, kipande cha ukoko, ingawa haikuwa Jumapili.

Bibi amelala makaburini pamoja na mama. Bata hawapo, mchi hakuna anayeujua ulikokwenda, na shamba tulilokuwa tukilinda ndege limejengwa nyumba. Sahani ya maua mekundu niliitafuta siku ya msiba, sikuiona.

Mchana ule nilimpeleka binti yangu kwenye mgahawa karibu na stendi. Niliagiza wali, samaki na matembele.

"Mama, mbona umeagiza sahani moja?"

"Tunakula wote."

"Nimeshasema nimeshiba."

"Najua. Kaa tu."

Nikamsimulia habari za bata. Alijitahidi asicheke, kisha akashindwa. "Kwa hiyo walikuchongea!" Nikamsimulia na ya bombani, na kitenge kwenye vumbi, na ufunguo uliogonga kitasa. Nilimuuliza mwenye mgahawa kama kuna ukoko. "Ukoko, dada? Siku hizi tunapikia umeme, hakigandi kitu."

Binti yangu alikuwa ameinamia meza, akichora kwa kidole maji yaliyomwagika.

"Mama," alisema, bado hajainua macho. "Nina njaa."

Nikaisogeza sahani katikati.