Mtoto Asiyegeuka

Neno "kiziwi" nililiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri wa shuleni, tena nikalipigia mstari. Nalisema mapema, nisije nikalificha.

Ilikuwa Kolwezi, miezi michache baada ya vita. Nilikuwa nimetoka masomoni Lubumbashi na diploma mbichi na ulimi mrefu, nikapewa kazi katika nyumba ya kulea watoto waliopoteza wazazi. Niliwapima wadogo mmoja mmoja, nijue vita vimewaachia nini moyoni. Nilikuwa na fishi, yaani karatasi ya maswali, pamoja na sufuria. Unasimama nyuma ya mtoto, unagonga sufuria kwa kijiko. Akilia au akijificha, andika: ana hofu. Asipogeuka, andika: hasikii.

Msichana mmoja wa miaka minne hakugeuka. Niligonga mara tatu, hata mpishi akachungulia na kuniuliza kama nimeanza kuuza sufuria. Mtoto alitazama ukuta tu. Tangu aletwe hakuwa amesema neno. Yaya yake, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu, alikuwa msichana wa miaka saba, na ndiye aliyemsemea yote: njaa, choo, usingizi. Mkuu wa kituo alisoma fishi yangu akaamua: Ijumaa mdogo apande treni, apelekwe shule ya viziwi Lubumbashi. Mkubwa anasikia, basi abaki.

Alhamisi asubuhi yaya mtu alikuwa jikoni na furushi la nguo za mdogo wake. Analifunga, analifungua, hataki mtu aliguse. Mpishi, mama mmoja wa mtaa wa Kapata asiyeogopa diploma ya mtu, alinivuta kando.

"We, mama ya fishi, ule mutoto ulimupima na nini?"

"Na sufuria, mama. Hakugeuka."

"Wakati ya vita ulikuwa wapi?"

"Lubumbashi."

"Njo maana. Siye tulilalisha batoto chini ya kitanda, tukabafundisha: kama unasikia mulio, usigeuke, usilie. Ule alishika maneno ya mama yake. Na we unamuita kiziwi!"

Masomo yote yale, na jibu lilikuwa hapa penye sufuria ya bukari, ugali wetu! Nilichota karanga kwenye ungo wa mpishi, nikavua viatu, nikamnyatia mtoto kwa nyuma alipokaa kwenye mkeka. Nikabana ganda moja kwa vidole. Tik.

Akageuka. Tena mkono wazi, anataka karanga!

Nilitaka kupiga kigelegele. Mpishi aliniziba mdomo kwa kiganja chenye unga. Basi tulicheza kimyakimya, wanawake wazima wawili, tukikata viuno katikati ya jikoni bila hata kunong'ona, machozi yakinitoka na unga puani.

Nilimkimbilia mkuu wa kituo, nikamwomba aifute safari. Alikuwa mtu wa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi na sauti ya kuhutubia mkutano.

"Sitoyene," alisema, maana siku zile kila mtu aliitwa mwananchi, "fishi ni fishi."

Nilimwambia fishi hiyo niliiandika mimi, na nilikosea. Sijawahi kukiri kosa kwa furaha namna ile. Maneno yalikuwa yanakimbizana. Aje aone, lakini kwanza avue viatu. Alinitazama kana kwamba nimemwomba suruali. Hatimaye akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu, na sote tukajifanya hatuoni.

Alichuchumaa nyuma ya mtoto, akavunja karanga kwa mkono wake. Mtoto akageuka, akamkagua mzee huyo toka kichwani hadi kwenye soksi, akaichukua karanga, akaila. Kisha akanyoosha mkono tena, akapewa ya pili. Hiyo hakuila. Aliifumbata, akatazama mlango wa jikoni, yaya yake aliposimama na furushi.

"Ya yaya," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo, yenye kutu kidogo. Mkuu alitoa kalamu mfukoni, akanipa mimi, nilifute mwenyewe lile neno.

Yaya mtu hakungoja nimalize. Alifungua furushi, akaanza kuzirudisha nguo kabatini, moja baada ya nyingine, bila kutoa mlio.