Moshi Niliouficha Gerezani

Siku hiyo naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Nilikuwa na miaka thelathini, nina kibanda mtaa wa Gerezani, nayeyusha aluminiamu chakavu na kuimimina iwe sufuria. Tanuri langu lilikula oili chafu ya gereji, na nikitaka liwake upesi nalitupia vipande vya tairi. Moshi ulitoka mweusi tititi, nami nikauonea fahari. Shule niliishia darasa la nne, tanuri nimelijenga kwa mikono yangu. Nani wa kuniambia kitu?

Safu yetu ilikuwa na desturi. Fundi wa mwanzo akimwona mkaguzi wa mazingira anakuja, anagonga kitako cha sufuria mara tatu, ngo ngo ngo, na kila mmoja anafunika moto wake kwa bati na magunia yaliyolowa. Siku hiyo sufuria iligongwa, nikafunika. Mkaguzi, mama wa makamo, akaingia kwangu.

"Za kazi, fundi?"

"Nzuri, mama. Leo hatuwashi."

"Ndiyo maana nasikia baridi," akasema, jasho linamtiririka. Akavuta kigoda, akaketi. "Ngoja nipumzike hapa hapa."

Moshi ukaanza kupenya chini ya bati. Yeye mbishi, mimi mbishi, hakuna aliyeinuka. Machozi yakanitoka.

"Unalia, fundi?"

"Jirani anakata vitunguu, mama."

Ndipo Mzee Chande, aliyenifundisha kazi, akatoka chumba cha nyuma alikokuwa akisugua sufuria. Alikuwa ameshika ukuta, anakohoa mpaka amepinda.

"We mpumbavu, unamficha nani?" akanifokea. "Mama huyu saa kumi anapanda basi, anakwenda kwake. Moshi huu tunabaki nao sisi!"

Akayavuta magunia mwenyewe.

Nilijua kibanda kimekwenda. Mama yule akatoka nje, akakohoa, akaandika karatasi. "Nakupa mwezi mmoja. Nikirudi nikakuta tairi, nafunga."

Karatasi ile sikuiweza. Nikamfuata ofisini kwake, nikamwambia bila kumung'unya, "Mama, maneno haya hayanipandi. Nichoree." Akanichorea: feni ya kupuliza hewa chini ya moto, bomba refu kupita paa, oili ichujwe kabla ya kuchomwa, tairi hapana.

Wenzangu wakanicheka. "Umegeuka bwana afya! Kesho utatuchongea!" Wengine wakakataa hata kuniazima kalibu za kumiminia sufuria. Nikajenga hivyo hivyo, peke yangu. Moto ukawaka mweupe, oili ikawa inadumu. Na siku sufuria ilipogongwa tena, ngo ngo ngo, safu nzima ikafunika. Mimi nikaliacha tanuri langu wazi, nikasimama mlangoni mikono kiunoni.

Mzee Chande hakukaa sana baada ya hapo. Kifua. Moshi uliommaliza ulikuwa pia wangu, na hilo sikufichi.

Leo, mwanangu, wenye karakana wananiita kuanzia Gerezani mpaka Mchikichini, niwakagulie kabla mkaguzi hajafika. Wako wanaoniuliza tumpe nani chochote ili mambo yaishe. Hao naondoka kwao bila kunywa chai. Wanaotaka kazi ya kweli nawatolea ule mchoro, umechakaa na mafuta, tunaanza na feni.

Basi nisikilize. Ukifungua karakana, usingoje kugongewa sufuria. Sheria usiyoielewa, nenda ukaulize, hata kama huna shule; mimi niliuliza na sikupungua kitu. Wakikucheka, waache wacheke, wewe inua bomba. Na asije mtu akakwambia sisi wa Gerezani hatuna uwezo wa kufanya kazi safi. Mwambie aje kwangu, tanuri liko wazi.

Mungu akupe mikono yenye kazi na kifua kisichokohoa, wewe na wote watakaovuta hewa ya mlangoni kwako.